Maswali ya Wasomaji: Mtafsiri na mluzi wa muuaji

SWALI: Mhariri, salaam. Katika kibanda umiza cha mtaani kwetu filamu za nje husimuliwa kwa Kiswahili na mtafsiri ambaye hanyamazi mwanzo hadi mwisho. Kaka yangu anadai kuwa kwa usimulizi huo tunapoteza nusu ya filamu. Mimi nasema hadithi ikishaeleweka, muziki na picha ni mapambo tu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Kaka yako ameukaribia ukweli zaidi, ingawa hiyo nusu sitaitetea. Chukua filamu ya M, ambayo mwongozaji Fritz Lang aliitengeneza Ujerumani mwaka 1931, ikiwa ya kwanza kwake yenye sauti. Mama amemwandalia chakula binti yake, Elsie, ambaye amechelewa kurudi kutoka shule. Anamwita, na huku akiita tunaoneshwa ngazi tupu, chumba cha darini kilichoanikwa nguo na sahani isiyoguswa. Kisha mpira wa mtoto unabingirika kutoka vichakani hadi unasimama, na puto alilonunuliwa linanasa kwenye nyaya. Hakuna anayetamka kwamba mtoto ameuawa, wala mauaji yenyewe hatuyaoni. Mtafsiri akisema hapo, “Basi, mtoto ndiyo keshauawa,” atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa amekuwahi kabla hujaijua habari hiyo wewe mwenyewe, kwa hofu yako mwenyewe.

Sauti nayo hubeba kisa. Kabla hatujauona uso wa muuaji, tunakiona kivuli chake juu ya tangazo linaloahidi zawadi kwa atakayesaidia kumkamata, na tunausikia mluzi wake, ambao ni muziki wa Edvard Grieg, mtunzi wa Norway. (Peter Lorre, aliyemwigiza muuaji, hakujua kupiga mluzi, hivyo tunaousikia ni wa Lang mwenyewe.) Baadaye anayemtambua ni muuza maputo asiyeona, yule aliyemuuzia puto la Elsie, kwa kuusikia tena mluzi ule. Sasa, ikiwa mtafsiri aliufunika mluzi wa kwanza kwa maneno, wa pili utakuwa na maana gani kwako?

Siwalaumu watafsiri, kuna mahali msaada wao ni wa lazima, hasa kwenye mazungumzo marefu. Herufi M ya chaki inayobandikwa kwa kiganja begani mwa muuaji, kwa mfano, ni ya neno la Kijerumani Mörder, na kwa bahati hata Kiswahili kinatosheleza: muuaji. Mwombeni mtafsiri wenu anyamaze kwenye dakika hizo za Elsie, kisha muulizane na kaka yako kila mmoja ameelewa nini.