Sweta alilonifumia mchumba limerefuka mikono, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tukuyu. Mchumba wangu yuko Njombe. Alinifumia sweta la sufu kwa mikono yake, kazi ya miezi minne, akanikabidhi siku nilipokwenda kujitambulisha kwao. Siku ile lilinikaa vizuri, ila shingo inawasha. Nimelifua mara moja tu, nikaanika kambani, na sasa mikono inafika kwenye vidole. Kila akiomba picha nikiwa nimelivaa, namwambia nimelifua. Rafiki yangu mmoja anasema nilichemshe kidogo lirudi, mwingine anasema fundi cherehani akate mikono. Naogopa kumwambia, asije akadhani nimelidharau.

Marahaba mwanangu. Usilichemshe, na kwa fundi cherehani usilipeleke. Uzi wa sufu una magamba madogo mno. Maji ya moto, sabuni na kusugua vikikutana, magamba hayo hushikana na hayaachiani tena. Utatoa kwenye beseni sweta la mtoto, gumu kama blanketi zito, na hakuna wa kulirudisha. Mkasi nao ukipita kwenye kazi ya kufuma kabla vitanzi havijashikwa kwa sindano, inaanza kufumuka palepale.

Mikono imerefushwa na kamba. Sweta la gramu 500 likitoka majini linaweza kubeba maji yanayozidi uzito wake lenyewe, na mzigo wote huo huvuta vitanzi kwenda chini. Kwa mvua na ukungu wa Tukuyu, nguo nzito haikauki upesi, kwa hiyo vilivutwa muda mrefu.

Hakikisha kwanza kama kweli ni sufu. Ligeuze, tafuta kwenye mshono ncha ya uzi iliyofichwa, kata sentimita 1 tu. Ishike kwa kibano juu ya sahani, uiguse na moto wa kiberiti. Ikinuka nywele zilizoungua na majivu yake yakasagika, ni sufu, na mikono ina nafasi kubwa ya kurudi. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni akriliki, yaani uzi wa plastiki. Hiyo hairudi sana, na usiipige pasi, italegea kabisa.

Kama ni sufu, lifue upya. Maji yawe ya uvuguvugu, yale ambayo mkono hauyasikii moto wala baridi, na ya kusuuzia yawe hivyohivyo. Tumia shampuu kidogo ya nywele. Sabuni ya unga ni kali kwa sufu. Loweka dakika 15, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, kisha linyanyue kwa mikono miwili kutoka chini, kama unavyombeba mtoto mchanga. Likunje ndani ya taulo kavu, bonyeza maji yatoke. Lilaze juu ya mkeka uliotandikwa khanga, mbali na jiko, usukume mikono kwa viganja hadi ifike urefu wa zamani. Geuza kila siku, badilisha khanga ikilowa.

Sasa lililo zito zaidi. Mwanangu, kifua na mgongo pekee vya sweta la kawaida vina vitanzi maelfu kwa maelfu, na kila kimoja kilipita vidoleni mwake. Anapoomba picha anataka kuona kama kazi yake imekukaa. Wewe unamjibu uongo, na kadiri unavyorudia ndivyo atakavyoamini kwamba hulipendi. Mpigie leo: "Mpenzi, nililianika sweta kambani, mikono ikavutika. Nilikuwa naona aibu kukwambia. Nimelifua upya, na naomba unisaidie." Anza na kosa lako. Shingo itafuata.

Likikauka mikono ikiwa bado mirefu, pima ulivyolivaa, mkono umekunjwa kidogo, kutoka mfupa wa bega hadi kifundo, umpe namba. Yeye anajua kama alianzia begani au kifundoni. Kama begani, atafumua tu kutoka mwisho, kisha afume pindo upya. Kama kifundoni, atakata uzi mmoja juu ya pindo, ashike vitanzi, afume kuelekea chini. Pale juu mkono ni mpana, kwa hiyo apunguze vitanzi kwenye mstari wa kwanza, la sivyo pindo litapwaya. Uzi atautoa kwenye sehemu aliyofumua.

Shingo ni rahisi. Vaa shati lenye kola ndani. Au akushonee kwa ndani kipande cha fulana ya pamba, upana sentimita 4, kilichokatwa upande unaovutika, kwa mishono iliyolegea. Kisipovutika, kichwa hakitapita.

Akisema umpelekee, usilitume kwa basi. Nenda nalo mwenyewe, na kuanzia Makambako uwe umelivaa. Kama safari itaangukia mwezi wa saba, baridi ya Njombe haitakuruhusu kulivua.