Kabla Hujaandika Programu ya Kuchora, Kaa na Anayechora

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia kutoka Eldoret. Anataka kutengeneza programu ya kuchora mistari ya brashi ya vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kama hesabu badala ya vitone vya rangi, na swali lake lilikuwa moja tu: aanze na lugha gani ya kompyuta? Ndugu yangu, lugha yoyote unayoijua inatosha. Mimi sikuangushwa na lugha.

Shangazi yangu amekuwa akipaka maharusi hina hapa Mombasa tangu sijazaliwa. Nilipoacha kazi ya mshahara ili niandike programu yangu, yeye ndiye niliyemfikiria. Achore ua mara moja kwenye tableti, kisha ua lile lile likuzwe lijaze kiganja au lipunguzwe litoshe kidole, kingo zibaki safi. Akitaka, alipeleke kwenye mashine ya kukata stika litoke stensili. Picha ya pikseli, vile vitone vidogo vya skrini, haiwezi hayo, vekta inaweza. Nikajifungia miezi minane, nikaandika.

Siku ya kumwonyesha, alichora jani moja kwa wepesi wake ule ule, akainua kalamu. Mstari ukaruka. Ukajinyoosha mbele ya macho yake. Akachora jani la pili, nalo likaruka. Akaiweka kalamu mezani.

"Mwanangu, huu si mstari wangu."

Akainuka kwenda kutazama wali jikoni. Niliumia, na sitaficha, nikikumbuka bado naumia. Usiku ule nilijiambia kwamba ni mtu mzima, hajazoea tableti. Ulikuwa uongo, na ulinipotezea wiki mbili.

Kilichotokea ni hiki. Kalamu ikitembea juu ya skrini huacha mamia ya nukta. Programu yangu ilizionyesha kama zilivyo, kisha mkono ukishainuka ndipo ilipozipunguza na kuzipitishia mistari ya Bézier, yaani mikunjo laini inayoelezwa kwa nukta chache, kwa mbinu aliyoichapisha Philip J. Schneider mwaka 1990. Mbinu yenyewe ni nzuri, naitumia mpaka leo. Kosa lilikuwa langu: niliuruhusu mstari mpya upishane na ule wa mkono hadi pikseli 4. Ukichora nembo ya duka, pikseli 4 si kitu. Kwenye hina, kile kikulabu kilichoko kwenye ncha ya jani ni kidogo kuliko hapo, na ndicho wateja wanachoijulia kazi ya shangazi.

Sasa hesabu inafanyika kalamu ikiwa bado inatembea. Kipande kilichokwisha pita kinafungwa, hakiguswi tena, na ncha peke yake ndiyo inayobadilika. Pikseli za kupishana ni za skrini, si za karatasi, kwa hiyo akivuta mchoro karibu, programu nayo inakuwa makini zaidi. Ukisahau yote niliyoandika, hili lishike: mkono ukishainuka, usiuguse mstari.

Halafu unene. Watu wengi hapa wanachora kwa kidole kwenye simu, na simu nyingi hazipimi mkandamizo. Ukiandika programu ya kwenye kivinjari cha intaneti, kivinjari hukupa mkandamizo kama namba kati ya 0 na 1. Kifaa kisichoupima hutoa 0.5 tu muda wote kidole kinapogusa. Mistari yote inatoka minene sawasawa kama waya. Nilikwama hapo mpaka nilipokaa ubavuni mwa shangazi jioni nzima kabla ya arusi, nikimtazama na koni yake ya hina. Vidole vinaiminya koni karibu kwa nguvu ile ile. Mkono ukienda polepole hina inajaa, ukikimbia mstari unakonda, na mwishoni anaachia kuminya huku akivuta ili upatikane mkia. Basi nikaacha kuhangaika na mkandamizo, nikapima mwendo. Jioni moja ilinifunza kuliko miezi minane.

Kwa hiyo nenda ukakae na mchoraji, tena kabla hujaandika chochote. Usimpe maswali ya kujaza, mtazame mikono.

Kuna jambo jingine linalonikera. Programu nyingi humlundikia mchoraji nukta na vishikio, vile vijiti vya kuvutia mkunjo wa mstari, mara tu amalizapo mstari. Vitu hivyo vina asili yake: Pierre Bézier alikuwa Renault, Paul de Casteljau alikuwa Citroën, na hesabu zao zilikuwa za mabodi ya magari. Mhandisi anahitaji vishikio. Mchoraji wa hina hajawahi kuviona maishani, na hana haja navyo. Vifiche. Ndani ya faili hifadhi mstari wa kati pamoja na unene wake kila mahali, ili kesho aweze kuunenepesha bila kuchora upya. Ugeuze kuwa umbo lililojazwa wakati wa kutoa SVG, aina ya faili ya michoro ya vekta, kwa sababu SVG haina mstari wenye unene unaobadilika. Na angalia kanuni ya kujaza, ile inayoamua sehemu gani za umbo zipakwe rangi: ukitumia ya shufwa na witiri (even-odd), kila mahali mstari unapojipitia patatoboka tundu.

Mwaka jana nilikwenda kuomba mtaji Nairobi. Bwana mmoja alitazama ua la shangazi kwenye skrini kwa sekunde chache, akaniuliza kama wapaka hina ni soko kweli. Nilikunja tableti nikarudi na basi la usiku. Wewe nawe utaulizwa hivyo hivyo, na usipokuwa na mtu mmoja unayemjua kwa sura ambaye kazi hiyo ni yake, utakosa la kujibu. Mimi ninaye. Mwezi uliopita stensili za bi harusi zilikatwa kutoka kwenye mistari ya shangazi, na kile kikulabu kilikuwepo katika kila jani.

Hajaridhika, lakini. Kifutio changu kinafuta mstari mzima, na yeye amezoea kufuta ncha tu kwa pamba, kisha aendelee kutoka pale pale. Anasema vilevile kwamba vitone vinavyofuata ukingo wa ua vinapaswa kupungua vikikaribia kidole. Alhamisi naenda kukaa naye tena, na safari hii sitafungua kompyuta mpaka amalize mkono wa pili.