Usiipunguze hiyo oili ya giaboksi, ulipima wakati usio wake

Mkuu, umesema asubuhi kabla ya kuwasha gari kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ya giaboksi ya otomatiki imevuka alama ya juu, lakini jioni, gari likiwa limetoka safari na injini inawaka, oili haifiki hata alama ya chini. Fundi kakushauri uipunguze. Usipunguze hata tone. Kipimo cha jioni ndicho cha kweli: oili yako ni pungufu.

Nimeshapita hapo hapo. Gari langu lilianza kuchelewa kuingia rivasi. Naweka R, nahesabu moja, mbili, ndipo linashtuka na kurudi nyuma. Kila asubuhi nilipima injini ikiwa imezimwa na kila asubuhi niliona imejaa, basi nikajua giaboksi ndiyo inaniaga. Nilishaanza kuulizia bei ya iliyotumika! Fundi mmoja mzee akaniambia, "Washa kwanza, halafu chomoa tena." Kijiti kikatoka kimelowa nchani tu.

Ukizima injini, sehemu ya oili iliyokuwa kwenye konveta (kiungo cha injini na giaboksi kinachofanya kazi kwa oili) na mabomba ya kupozea inarudi taratibu kwenye sampu, lile bakuli la chini, na kina kinapanda. Ukiwasha, pampu inaifyonza kuijaza mifereji yote, kina kinashuka. Ongeza na joto, maana oili ikipata moto hutanuka. Ndiyo maana kijiti kina alama za COLD na HOT.

Kwa hiyo endesha dakika 15 hadi 20, simama pasipo mteremko, vuta handbreki, injini iendelee kuwaka. Kanyaga breki, pitisha gia kwenye R, N na D, ukikaa sekunde chache kila mahali, kisha rudi P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi (uzi mmoja tu unaweza kuziba vali ndogo humo ndani), kizamishe mpaka mwisho, chomoa tena usome alama za HOT. Pande mbili za kijiti zikitofautiana, amini ulio chini. Ila kama ni Honda, soma kitabu cha gari kwanza, kwani nyingi hupimwa injini ikiwa imepata moto na kuzimwa, ndani ya dakika moja na nusu hivi.

Kuongeza nako usiwe na uroho. Tumia faneli nyembamba, robo lita kwa mara moja, kisha pima upya. Ukizidisha, vyuma vinavyozunguka vinaipiga oili mpaka inakuwa povu, na povu halibebi presha. Gia zitateleza vilevile kama ilivyokuwa pungufu, na utazidi kuongeza ukidhani haijatosha. Weka aina iliyotajwa na mtengenezaji tu. Kama ni CVT, yaani giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ina oili yake, usiichanganye na ya giaboksi ya kawaida.

Halafu jiulize imekwenda wapi, kwa sababu oili hii haiungui kama ya injini. Ikipungua inavuja. Kwangu ilikuwa mpira wa kwenda kwenye rejeta, ulichoka kwenye kibana, ukawa unatoa jasho tu, chini huoni tone. Nilibadilisha mpira, nikaongeza oili, rivasi ikarudi kuingia papo hapo.

Ukipima, angalia na rangi. Nyekundu ni nzima. Kahawia nzito yenye harufu ya kuungua ina maana klachi za ndani zimeshaumia. Ikiwa kama maziwa yenye wekundu, maji ya rejeta yameingia, na hapo usiliendeshe tena, livutwe.

Wasio na kijiti kabisa mnapimiwa kwa kufungua nati ya chini, gari likiwa sawa pande zote na joto la oili likisomwa kwa mashine. Hiyo muachieni fundi mwenye vifaa.

Mkuu, pima tena leo jioni, kisha weka hapa aina ya gari, mwaka, na rangi uliyoiona kwenye kitambaa.