16S peke yake haitoshi

Je, bakteria wa mizizini akifanana na jamaa yake wa karibu zaidi kwa asilimia 98.2 kwenye 16S (jeni inayotumika kutambua bakteria), inatosha kumwita spishi mpya? Hapana. Ni dalili tu. Chini ya takriban asilimia 98.7 dhidi ya jamaa wa karibu zaidi, yaelekea ni mpya; juu ya hapo bado huwezi kusema ni yuleyule, maana jeni hiyo hubadilika polepole mno. Kwenye Bacillus, kwa mfano, wapo wanaofanana zaidi ya 99 na bado ni spishi tofauti. Kinachoamua ni jenomu nzima, yaani DNA yake yote: ANI (wastani wa kufanana kwa herufi za DNA za jenomu mbili) chini ya asilimia 95–96 na dDDH (kipimo cha kompyuta cha jinsi DNA zake zinavyolingana) chini ya asilimia 70, ukilinganisha na bakteria wa kielelezo (yule aliyewekwa rasmi kuwakilisha jina) wa kila spishi ya karibu, si jenomu yoyote uliyoiokota kwenye hifadhidata. Hapo ndipo wengi huteleza.

Ila kwanza hakikisha una aina moja tu ya bakteria. Koloni (fungu la bakteria walioota pamoja) lenye ute mara nyingi limeficha mgeni ndani. Lipake kwa mistari kwenye agari (jeli ya kuoteshea) mpya mara 3 au zaidi mpaka makoloni yote yafanane. Jenomu iliyochanganyika huvuruga hesabu zote.

Jina nalo halitambuliki mpaka bakteria hai awekwe kwenye hazina 2 za vijidudu, nchi 2 tofauti, na maelezo yatoke IJSEM (jarida rasmi la majina ya bakteria), au yatoke kwingine kisha jina liingie kwenye orodha yake ya uthibitisho. Bakteria wasiokubali kuota maabara wana SeqCode ya 2022, kanuni nyingine ya kutoa majina, inayopokea jenomu kama kielelezo.