Aliyecheza magongo na kriketi: Brian Booth

Ukiuliza kama yupo aliyechezea taifa lake mpira wa magongo (hoki) na kriketi pia, mimi jina la kwanza ni Brian Booth wa Australia. Magongo ndiyo yalitangulia: Olimpiki ya Melbourne, 1956 (Kenya nayo ilipeleka timu ya magongo huko, mara yake ya kwanza). Kriketi ya taifa aliingia 1961 ziarani Uingereza, akiwa na miaka 27, si kijana tena. Akacheza mechi 29 za Test (mechi ndefu za kimataifa, za siku kadhaa), mikimbio 1,773, mara 5 akifikisha mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja ya kupiga, wastani zaidi ya 42. Hizo ni namba za mchezaji kamili, si za mgeni aliyepita njia.

Ila walivyomwondoa! Msimu wa 1965-66 alishika unahodha mara mbili nahodha Bob Simpson alipokosekana. Mara ya pili, Sydney, wakapigwa vibaya na Uingereza, naye akaachwa moja kwa moja. Don Bradman, mmoja wa wateuzi, alimwandikia barua ya kusikitika.

Wa siku hizi ni Sophie Devine wa New Zealand: kriketi kwanza, kisha magongo pia, na alikuwa nahodha wa mabingwa wa dunia wa T20 (kriketi fupi ya ova 20) wanawake 2024.