Kwa wanaoenda darasa la yoga studio kwa mara ya kwanza: mambo ya kujua kabla hujatandika mkeka

Karibu kila mtu anayetaka kuanza yoga ananiuliza swali hilo hilo, mwili wangu mgumu hata vidole vya miguu sivigusi, nitaweza kweli? Jamani hilo lisikuumize kichwa kabisa. Mi nilianza kwa kukaa mapokezi ya studio afu baadae nikaingia kufundisha, na nachokiona wiki nenda wiki rudi ni kwamba wageni hawashindwi na mikao, mikao mwalimu yupo anakuelekeza, wanapotaabika ni zile dakika za kabla darasa halijaanza na zile za mwisho kabisa, kwa sababu hizo hakuna aliyewahi kuwaambia lolote. Kwa hiyo leo nitaongelea hizo zaidi.

Anza na kuchagua darasa lenyewe maana hapa ndo wengi wanajiharibia mapema. Neno yoga kwenye ratiba linabeba vitu tofauti mno. Ukiona Hatha mara nyingi ni mwendo wa taratibu, mkao mmoja mmoja, na mgeni anafaa sana hapo. Vinyasa ni mikao inayofuatana bila kusimama, pumzi moja tendo moja, ukiwa mgeni unaweza kujikuta unakimbiza darasa badala ya kulifuata. Ashtanga, ile iliyosambazwa na K. Pattabhi Jois kutoka Mysore kule India, ina mpangilio maalumu usiobadilika na ni ngumu kimwili. Iyengar inaangalia sana mwili umekaaje, mguu uko wapi, bega limeelekea wapi, na inatumia vifaa vingi. Yin unakaa kwenye mkao mmoja dakika tatu hadi tano au zaidi, inaonekana nyepesi ukiitazama ila ukiwa ndani yake utaelewa. Afu kuna ya chumba cha moto, mtindo wa Bikram kwa mfano ni mikao 26 ndani ya dakika 90 kwenye joto la kama nyuzi 40, na hiyo naomba isiwe darasa lako la kwanza hata kama rafiki yako anaipenda kufa. Tafuta lililoandikwa la wanaoanza, na usione aibu, kuna watu wenye uzoefu mkubwa wanaenda madarasa hayo kwa makusudi kwa sababu ndo mahali mwalimu anaeleza vitu kwa kina.

Ukishachagua, jisajili mapema na usome masharti yao ya kuahirisha. Studio nyingi nafasi ni chache na ukighairi dakika za mwisho unakatwa hela au kipindi chako kinahesabika kimetumika, na zaidi ya hela kuna mtu yuko kwenye foleni ya kusubiri angeipata hiyo nafasi. Kama huendi sema huendi.

Chakula. Mlo mzito uwe umepita masaa mawili matatu hivi kabla. Kuna kuinama, kuna kujisokota tumbo, kuna kulala kifudifudi, na tumbo lililojaa litakusumbua kuanzia dakika ya kwanza. Ukiwa na njaa kali kula kitu kidogo chepesi saa moja kabla inatosha. Maji kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, usinywe chupa nzima mlangoni.

Nguo sitasema sana. Ivae inayokubana kiasi au isiyo pana mno, kwa sababu tisheti pana ukiinamisha kichwa inakufunika uso na utatumia darasa zima kuivuta. Jaribu nyumbani, inama mbele ya kioo, chuchumaa, nyanyua mikono, kama hakuna kinachoachia basi iko poa. Miguu ni peku, soksi za kawaida zinateleza na kuteleza ukiwa umesimama miguu imeachana sana ni kuumia nyonga. Vua saa, bangili, mikufu mirefu.

Harufu ndo jambo ambalo watu wanaona haya kulisema ila mimi nitalisema kwa sababu nimeona watu wakihama sehemu zao kimya kimya. Oga, vaa nguo safi, na mkeka wako uufute. Lakini pia pafyumu kali ni shida ile ile, tena labda kubwa zaidi, kwa sababu chumba kimefungwa na kila mtu anaambiwa avute pumzi ndefu kupitia pua, na mwenye pumu au kipandauso pembeni yako hana pa kukimbilia. Marashi yaache kwa siku hiyo.

Sasa dakika za kabla. Fika robo saa mapema, na kama ni mara yako ya kwanza kabisa fanya dakika ishirini, kwa sababu kuna fomu ya afya ya kujaza, kuna kuonyeshwa pa kuweka viatu na begi, kuna kwenda msalani. Studio nyingi zinafunga mlango muda wa kuanza ukifika, na hawafanyi hivyo kwa roho mbaya, mwanzo wa darasa watu wamekaa kimya macho wamefumba wanatuliza pumzi, na mlango ukifunguliwa hapo chumba kizima kinarudi sifuri. Ukichelewa na wakakubali kukuingiza, subiri mlangoni hadi hicho kipindi cha ukimya kiishe, afu ingia na utandike mkeka taratibu, usiurushe ukapiga sakafu paa.

Simu iache nje kwenye begi, ikiwa imezimwa. Mtetemo kwenye sakafu ya mbao unasikika chumba kizima, kwa hiyo kuiweka sailensi hakusaidii. Kama una mgonjwa au mtoto mdogo nyumbani na lazima upatikane, mwambie mwalimu kabla, kaa karibu na mlango, hakuna atakayekusema.

Kuhusu kukaa wapi, wageni wanakimbilia kona ya nyuma kabisa, afu darasa likianza wanagundua hawamuoni mwalimu, na mkigeuzwa kuelekea upande wa pili wao ndo wanakuwa wa mbele na hawana wa kumwangalia. Kaa katikati au safu ya pili, uwe na watu wenye uzoefu mbele na pembeni. Unapopita usikanyage mkeka wa mtu, zunguka, pale ndo anapoweka uso wake. Na chumba kikijaa ukaona mtu amesimama na mkeka mkononi anaangaza macho, sogea bila kusubiri kuombwa.

Kabla hujakaa mfuate mwalimu. Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika. Mwambie ni mara yako ya kwanza na mwambie mwili wako una nini. Goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, diski ya mgongo, bega linalochomoka, presha ya kupanda, ujauzito hata kama ni mchanga na hujamwambia mtu mwingine. Presha ya macho pia, hii watu hawaioni kama inahusiana lakini mikao ya kichwa chini inapandisha presha ndani ya jicho na mwenye tatizo hilo hatakiwi kuifanya. Mjamzito kuna vitu vinabadilishwa, kama kulala kifudifudi na kujisokota kwa nguvu. Mwalimu akijua anakupa njia nyingine ya mkao ule ule bila hata wengine kutambua, asipojua anakuangalia tu anadhani unasuasua. Fomu uliyojaza mapokezi mara nyingi haijamfikia, kwa hiyo usitegemee karatasi, tumia mdomo. Na kama una ugonjwa mkubwa ongea na daktari wako kwanza kabla ya kujisajili.

Hapo hapo mwambie kuhusu kuguswa. Walimu wengi wanarekebisha kwa mikono, wanakusukuma nyonga kidogo au kukushusha mabega. Una haki kamili ya kukataa, iwe ni kwa sababu ya dini, maumivu, historia yako au hutaki tu, na huna haja ya kueleza sababu. Baadhi ya studio zina vikadi unaweka pembeni ya mkeka kuonyesha unakubali au hukubali, sehemu nyingine mwalimu anauliza mkiwa nyote mmefumba macho. Kama hawaulizi sema mwenyewe, naomba usiniguse leo, inatosha. Mwalimu anayekasirika kwa kuambiwa hivyo si mwalimu wa kurudi kwake.

Vifaa chukua vyote anavyosema, vitofali viwili vyepesi vya kuegemea, mkanda, blanketi. Wageni wanaviacha kwa kudhani ni vya wasioweza. B.K.S. Iyengar, mwenye ule mtindo wa Iyengar niliotaja juu, mtu aliyefundisha tangu ujana wake hadi uzeeni na kufariki 2014 akiwa na miaka 95, ndo aliyeeneza matumizi ya vifaa hivi, na lengo lilikuwa kila mwili uingie kwenye mkao bila kujiumiza. Chukua ule mkao wa mbwa anayeangalia chini, viganja na miguu sakafuni makalio juu, utakutana nao karibu kila darasa. Mgeni anakazana kugusisha visigino sakafuni, mgongo unajikunja, uzito wote unaangukia vifundo vya mikono, dakika chache mikono inamtetemeka. Kunja magoti, yakunje kabisa, visigino viache hewani, tanua vidole vya mkono na ukandamize sakafu hasa kwa upande wa kidole gumba na cha shahada, makalio yapeleke juu na nyuma. Utasikia mgongo unarefuka na mikono inapumua. Visigino vitashuka vyenyewe siku moja au visishuke kamwe, mifupa ya watu haifanani.

Ukichoka piga magoti, rudisha makalio kwenye visigino, paji la uso chini, upumzike, wanaita mkao wa mtoto. Huombi ruhusa. Kipimo chako ni pumzi, ukiona umeibana au unahema kwa mdomo umezidisha, rudi nyuma kidogo. Kuvutika kwenye msuli ni sawa, ila maumivu makali ya kuchoma au ganzi kwenye kiungo, toka hapo hapo usisubiri mwalimu ahesabu. Jirani yako mwangalie kujua mguu upi unaenda mbele, basi, usishindane naye.

Madarasa mengine wanaimba Om, sauti takatifu kwa Wahindu, mwanzo au wanafunga kwa Namaste, salamu ya Kihindi, viganja vikiwa kifuani. Kama imani yako haikuruhusu au hujisikii, kaa kimya tu kwa heshima, wako wengi wanafanya hivyo na darasa linaendelea kama kawaida.

Sasa mwisho, shavasana, pale mnapolala chali dakika tano hadi kumi bila kufanya kitu. Hapa ndo naona watu wanainuka, wanakunja mkeka, wanachukua funguo, kwa kuona mazoezi yameisha. Hayajaisha. Mwili ulikuwa kwenye kazi, hapo ndo mapigo ya moyo yanashuka na misuli inaachia, na kwa watu wengi waliokuja na msongo wa mawazo hizo ndo dakika pekee za wiki nzima ambazo hakuna anayewadai kitu. Mlio wa zipu ya begi kwenye chumba chenye watu ishirini waliolala kimya unawarudisha wote. Kama ni lazima uwahi, mwambie mwalimu mwanzoni, kaa karibu na mlango, na utoke kabla hamjalala chini, si katikati. Vaa sweta au jifunike blanketi maana mwili unapoa haraka, weka blanketi lililokunjwa chini ya magoti kama kiuno kinauma. Ukisinzia hakuna neno. Wengine machozi yanatoka hapo bila sababu wanayoijua, nalo ni la kawaida, hakuna atakayekuuliza.

Mkiamshwa geukia upande kwanza, kaa kidogo, afu ndo usimame, ukiinuka ghafla kizunguzungu kitakukuta. Futa mkeka wa studio kwa dawa yao na kitambaa, kunja blanketi kama ulivyolikuta na urudishe vitofali mahali pake, darasa lingine linaingia muda si mrefu. Maongezi yapelekeni nje. Kama kuna mkao ulikusumbua huu ndo muda wa kumuuliza mwalimu, na ukimpenda rudi kwake huyo huyo kwa wiki kadhaa kabla hujaanza kuzunguka kujaribu wengine, akishaujua mwili wako maelekezo yake yatakuwa yanakulenga wewe, na ile presha uliyomtajia siku ya kwanza hutahitaji kuirudia kila mara isipokuwa kama imebadilika.