Mikono juu mkutanoni, manung'uniko kijiweni

SWALI: Nasoma maendeleo ya jamii na utafiti wangu naufanyia Tandahimba. Kwenye mkutano wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) niliwauliza wakulima 60 kama wanaridhika na upimaji wa korosho ghalani. Wote wakanyoosha mikono. Jioni kijiweni, manung'uniko matupu! Walinidanganya? Niandike lipi? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Ulichonacho ni jibu moja la mkutano mzima, usilihesabu kama majibu 60. Aliyeketi pale anamwona mwenyekiti, karani wa mizani na mjomba wake. Mkono wa kwanza ukipanda, wa pili unaona haya kubaki chini. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hilo Marekani mwaka 1951. Alimweka mwanafunzi mmoja kati ya wenzake waliopangwa kujibu vibaya kwa makusudi, kazi yenyewe ikiwa kulinganisha urefu wa mistari tu. Kazi hiyo mtu akiwa peke yake karibu hakosei kabisa, lakini mbele ya kundi lile karibu theluthi ya majibu ilifuata kosa. Waliporuhusiwa kuandika jibu kwa siri, kosa lilipungua sana.

Basi wafuate majumbani, bila kiongozi wa chama kukusindikiza. Na hilo swali la "unaridhika?" liache, maana mgeni huwa haambiwi hapana. Uliza jambo lililotokea: "Msimu uliopita, kilo za kwenye stakabadhi zilipungua kuliko ulizopima nyumbani?"

Wakiendelea kuogopa, tumia sarafu; wazo la msingi ni la mtafiti Stanley Warner, 1965. Mpe mkulima shilingi 200, akugeuzie mgongo, airushe. Akipata simba, aseme "ndiyo" hata kama si kweli. Akipata Karume, aseme ukweli. Wewe usiione. Katika watu 60, kama 30 watasema "ndiyo" kwa ajili ya simba tu. Ukipata "ndiyo" 42, zile 12 za ziada ni za wale 30 waliosema ukweli, yaani asilimia 40.

Ubaya wake ni kwamba sarafu haina adabu. Simba wanaweza kutoka 24 au 36 kwa bahati tu, na kwa "ndiyo" zilezile 42 asilimia ya kweli ingekuwa 50 au 25. Kwa hiyo tafuta watu 200 na zaidi. Anza pia na swali jepesi la mazoezi ("Umekunywa chai leo?"), la sivyo wapo watakaodhani umewaletea kamari.

Ripoti iwe na matokeo yote mawili, ya mkutanoni na ya majumbani, kila moja mahali pake. Tofauti yake ndiyo utamu wa utafiti wako.

SWALI: Hapa Nachingwea waliohudhuria mafunzo ya ufuta wanavuna zaidi. Naweza kuandika kuwa mafunzo ndiyo sababu? – Bwana shamba

JIBU: Bado. Huenda waliokuja ni wale wenye nguvu kazi na mbegu nzuri tangu mwanzo. Andika majina 40 kwenye vikaratasi, changanya kwenye ungo, 20 wa kwanza wafundishwe msimu huu na waliobaki msimu ujao. Kisha pima kilo kwa ekari pande zote, kwa mzani uleule. Tatizo ni kwamba aliyefundishwa atamfundisha jirani, na tofauti itayeyuka. Hapo vikaratasi viwe vya vitongoji badala ya watu, ila viwili havitoshi: mvua ikikikosa kimoja, utakuwa umepima mvua.